Nilimwambia Akohoe

Kagarama, tarehe 4 Mei 1993

Mama Spès mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujachoka na mwandiko huu nakuomba unisamehe, maana shule niliiacha darasa la tatu kule Buyenzi, Bujumbura, nilikozaliwa, na kalamu naishika kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka, lakini majibu yako ya gazetini huwa nasomewa kila Ijumaa pale kituo cha mabasi cha Nyabugogo ninapouza ndagala, wale dagaa wa ziwani, tunakaa akina mama sita nyuma ya mabasi, mmoja anasoma na sisi wengine tunakugombeza, huyu anasema Mama Spès amekosea, yule anasema amesema kweli tupu, na leo zamu ya kugombaniwa imenifikia mimi, ndiyo maana naomba jina langu usiliandike.

Shida yangu ni hii. Daktari mmoja mkubwa ameniomba nije kuwafundisha wanafunzi wake wa udaktari, mimi huyu, Alhamisi ya tarehe 27, na mwanangu ambaye ni mmoja wa wanafunzi hao amesema nikitia mguu mle ndani nisimwite mwanangu tena. Sasa nikuelezee tangu mwanzo usije ukadhani malaria imenipanda kichwani.

Mimi ni mjane. Baba watoto sinaye, nasema watoto kwa mazoea tu, mtoto ni mmoja, nitamwita Armel, si jina lake, nimeliazima. Baba yake alikuwa dereva wa lori, alifariki Armel akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo mimi na ndagala, ndagala na mimi, mpaka kijana amefika mwaka wa nne wa udaktari, na tangu Januari wameletwa hapa Kigali kujifunzia kwenye hospitali moja ambayo nayo sitaitaja. Siku aliponiletea koti lake jeupe nilifue, nililifua mara tatu, na maji ya mwisho sikuyamwaga, niliyatia kwenye mche wa parachichi, utanicheka lakini nilifanya hivyo.

Nina jirani anaitwa Mukunde. Ni mkubwa kwangu, ananiita mdogo wake, na Armel alipokuwa mdogo nikienda sokoni ndiye aliyebaki naye, akimnywesha maziwa ya ng'ombe wake na kumpangusa kamasi. Jumamosi ile baada ya Pasaka, mvua unaijua ilivyokuwa, Mukunde aliteleza akitoka kuteka maji, paja likavunjika. Kwetu gari haliwezi kushuka, njia ni udongo mtupu, kwa hiyo wakaja watu wa ingobyi, ule utaratibu wetu wa kilimani ambao kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba mgonjwa kwenye machela ya kusuka, leo kwangu kesho kwako, wakambeba hadi kwenye lami, gari likapatikana. Binti yake wa pekee ameolewa Cyangugu, ni mbali, basi mimi nikamwachia mwenzangu mzigo wangu wa ndagala nikaenda kuwa umurwaza wake. Wewe unajua, lakini gazeti hili linasomwa na wageni pia: umurwaza ndiye mtu wa mgonjwa, bila yeye huli, huoshwi, hugeuzwi. Unapika uji kwenye mafiga nyuma ya hospitali pamoja na abarwaza wenzako, unalala kwenye mkeka kando ya kitanda, unajua mgonjwa wako amekunywa mara ngapi na amekojoa mara ngapi.

Siku ya nne asubuhi wakaingia makoti meupe. Mbele alikuwa mwalimu wao, nimwite Daktari Silvère, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nyuma yake wanafunzi sita kama vifaranga, na wa tatu alikuwa Armel wangu. Nilikuwa mkekani namenya ndizi. Akanitazama, Mama Spès, kama unavyotazama kigoda ili usijikwae.

Mukunde ndiye aliyefurahi, akasahau paja. "Yee! Si mwana wetu huyu? Armel! Na kile kifua kimepona?"

(Hilo la kifua nitalirudia, usiliache likapotea.)

Armel akachukua ile karatasi ya kitandani, akaanza kusoma kwa Kifaransa, haraka haraka, kama anayekimbizwa, halafu bila kumwambia mgonjwa neno akambonyeza palepale penye mvunjiko. Mukunde alipiga ukelele ambao hata mimi sijawahi kumsikia nao. Na mwanangu akasema, "Mama, punguza sauti, humu kuna wagonjwa."

Wenzake wakacheka. Mukunde akachukua pindo la kitenge chake akalitia mdomoni. Hakunitazama.

Daktari Silvère hakucheka. "Mgonjwa huyu anaitwa nani?"

Armel akaangalia karatasi. "Kitanda cha nane, Daktari."

"Sikukuuliza kitanda. Kitanda hakikuvunjika. Amefikaje hapa?"

"Sijui, Daktari."

"Nani anamtunza?"

Hapo akanitazama mara ya pili. "Kuna umurwaza," akasema, na macho yake tayari yako kitanda cha tisa.

Daktari akanigeukia mimi. "Mama, wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Ni jirani, Daktari."

"Na huyu kijana mnamjua? Nimesikia mgonjwa anamwita jina."

Mukunde akatoa kitenge mdomoni ili aseme, mimi nikambana mkono kwa nguvu. Nikasema, "Hapana, Daktari, mgonjwa ana homa, anaita yeyote." Nilimkana mwanangu kama yeye alivyonikana, kama Petro, tofauti ni kwamba jogoo hakuwika kwa sababu hospitalini hakuna jogoo.

Sasa mbele ya kitanda chetu kuna mama mmoja anaitwa Vénantie, ni wa hao waliokimbia vita kule Byumba, wamepotezana na watu wake njiani, hana umurwaza. Sahani ya hospitali ikija inawekwa juu ya kikabati na baadaye inaondolewa vilevile, maana mikono yote miwili imefungwa bandeji, atailaje? Hakuna aliyemnyima chakula, Mama Spès, ila hakuna aliyemwuliza. Nikaanza kumgawia uji wa Mukunde. Namwamsha kwanza kwa kumgusa kisigino, maana mgonjwa ukimgusa uso ghafla anadhani ni vita imerudi, halafu namwambia jina langu kila siku, hata kama analijua, halafu najaribu uji kwenye mgongo wa mkono wangu, ndipo namlisha. Siku moja nageuka naona Daktari Silvère amesimama mlangoni peke yake, sijui tangu lini, amevua miwani.

Keshoye akaniita pembeni. Akaniambia, "Mama, mimi nawafundisha moyo na ini na figo, na wanajua, wanapata alama nzuri. Lakini hilo la kisigino sikulikuta kwenye kitabu chochote. Njoo uwafundishe."

Nikacheka. "Daktari, mimi niliacha shule darasa la tatu."

"Ndiyo maana sikukwambia uje na daftari." Halafu akasema, "Na uwaambie siku ile ya kitanda cha nane uliona nini. Usimwogope yule kijana. Mwambie mbele ya wenzake."

Nikasema ndiyo. Mdomo wangu ulisema ndiyo kabla kichwa hakijafika.

Jumapili Armel akaja nyumbani. Alikuwa ameshasikia kwamba kuna umurwaza atakuja kusema nao, na nadhani alijua ni nani. Hakukaa hata, alibaki mlangoni.

"Mama, usije."

"Kwa nini?"

"Utasimama mbele ya watu wale useme nini? Na harufu hiyo ya ndagala?"

Nikanusa pindo la kanga yangu. Akajishika kichwa, akasema, "Samahani, sikutaka kusema hivyo," halafu akasema tena kitu kibaya zaidi: "Ukija, nitasema sikujui."

Nikamwambia, "Ulishasema."

Basi akakaa. Akakaa pale chini kwenye kizingiti kama zamani, akitazama viatu vyake, na akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza. Kwamba mwezi wa kwanza pale hospitalini walimpa mtoto mdogo mwenye nimonia amwangalie, na mtoto akafa amemshika mkono, na Armel akalia mbele ya watu wote, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa juu akamwambia, "Acha kulia kama umurwaza." Wakamtania nalo. Tangu siku hiyo mpaka leo kwenye bweni hawamwiti jina, wanamwita Umurwaza. "Umurwaza, leta chumvi! Umurwaza, umemwosha nani leo?" Akaamua hatalia tena wala hatauliza jina la mgonjwa, maana ukijua jina, alisema, inakuwa vigumu. "Sasa wewe uje," akasema, "uingie na kanga yako na sufuria yako, wajue kumbe Umurwaza ni mtoto wa umurwaza. Mama, nitaacha masomo."

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga, vyote kwa mkono uleule. Akaondoka bila kula.

Sasa nirudi kwenye kile kifua, maana hapo ndipo silali. Armel hana kifua. Hajawahi kuwa na kifua. Alipofika miaka kumi na minane, Mzee Bigirimana, kiongozi wa ingobyi yetu, alikuja akasema, "Mama Armel, sasa nyumba yako iko na bega." Mimi nikamwambia mtoto ana kifua kibovu, daktari amekataza kubeba. Uongo. Nilitaka bega lake libaki laini, baba yake alikufa ana sugu mabegani kama za punda, na nikasema katika ukoo huu awepo mtu mmoja asiyebeba. Kila zamu ya nyumba yetu ilipofika nilipeleka kibuyu cha pombe ya mtama badala ya mtoto, na watu wakapokea, wakamwonea huruma.

Na siku ile ya Mukunde Armel alikuwa nyumbani kwa likizo ya Pasaka. Alikuwa ndani na vitabu vyake. Mzee Bigirimana alikuja mbio amelowa, akasema, "Wabebaji ni watatu tu, mvua hii, kijana amerudi, naona viatu vyake mlangoni." Nikamwambia ngoja nichukue shali, nikaingia ndani, nikamwinamia Armel sikioni nikamwambia: kohoa. Akakohoa. Alikohoa vizuri, Mama Spès, ungemhurumia. Na Mukunde ambaye walikuwa wamemteremsha njiani mbele ya nyumba yetu wakipumzika, paja limevunjika, mvua inamnyea usoni, akasema, "Mwacheni mtoto, mtafutieni asali." Basi Mzee Bigirimana mwenye miaka sitini na kitu akajitwika pembe ya nne yeye mwenyewe, na aliteleza mara mbili, na mara zote mbili nilisikia Mukunde anavyolia, na nilipogeuka nikaona Armel yuko dirishani.

Kwa hiyo Daktari alipouliza amefikaje hapa, Armel akasema sijui, kumbe alijua. Na mimi nilijua kwamba anajua.

Sasa niambie. Nikienda nitampoteza mwanangu, na nisipoenda atakuwa daktari wa kubonyeza watu bila salamu, na nitakuwa nimemkohoza mara ya pili. Na mimi nina haki gani ya kuwafundisha watoto wa wengine huruma, wakati wangu nilimfungia ndani? Mukunde ataruhusiwa mwisho wa mwezi huu au mwanzo wa ujao, na bado anamwulizia kifua chake.

Nijibu upesi, hata ukinikaripia. Tarehe 27 si mbali.

Mama wa Kagarama

*

Mama wa Kagarama,

Futa machozi kwanza, kwa kanga hiyohiyo yenye harufu ya ndagala. Majina yote nimeyabadilisha, hata lile uliloliazima, lakini hao wenzako watano wa nyuma ya mabasi watakujua tu, maana umenitajia kila kitu mpaka mche wa parachichi. Waache wakujue. Huenda na wao wana vikohozi vyao nyumbani.

Nianze na kijana, kwa sababu wewe unamwogopa na mimi namhurumia. Mwanao si mtu mbaya. Mtu mbaya hakai kwenye kizingiti cha mama yake akamweleza alivyolia. Alishika mkono wa mtoto hadi mwisho, akatoa machozi ambayo yalikuwa yake kuyatoa, na wakubwa zake wakamcheka, naye akakimbilia nyuma ya karatasi ya kitanda kama ulivyomfundisha kukimbilia nyuma ya dirisha. Mwambie hivi kutoka kwangu: jina walilompachika bwenini si tusi. Ni cheo, na bado hajakistahili. Alikistahili siku moja tu, mwezi wa Januari, wakamvua, naye akakubali kuvuliwa.

Sasa wewe. Mimi sitakupaka mafuta. Kumpa mtoto nafasi ya kusoma si dhambi, na mjane anayelea peke yake ana haki ya kuogopa sugu. Lakini kile kibuyu cha pombe kilikuwa kinanunua nini, mama? Ulidhani unaliokoa bega, kumbe ulikuwa unamwondolea somo la kwanza la udaktari, lile ambalo watoto wote wa kilima chenu wanalipata bure: kwamba mgonjwa ana uzito, na ukitikisika wewe, anaumia yeye. Wenzake walioachia shule njiani wanalijua. Yeye mwaka wa nne halijui, ndiyo maana alibonyeza. Na bado unauliza kama una haki ya kufundisha! Nani mwenye haki kuliko aliyekosea na akajua hasa ni wapi alipokosea?

Kwa hiyo utakwenda. Hilo tusilizungumze tena.

Lakini hutakwenda kushtaki. Daktari Silvère, Mungu ambariki na ampatie miwani mingine, amekuomba vizuri na amekosea kitu kimoja: anataka umwaibishe kijana mbele ya wenzake ili ajifunze. Kijana huyu ameshaaibishwa mbele ya wenzake mara moja, na umeona alichojifunza. Nenda kwa Daktari kabla ya siku yenyewe, umwambie yule ni mwanao. Sema kwa mdomo wako, usitume mtu. Umemkana mbele yake, basi mrudishe mbele yake.

Siku ya Alhamisi usibebe maneno. Azima ingobyi ya kilima kwa Mzee Bigirimana, uiingize mle darasani, uiweke sakafuni. Kila mwanafunzi alale ndani yake, na wenzake wanne wambebe wazunguke naye uwanja wa hospitali, washuke naye ngazi na kupanda. Na Daktari naye alale, asiseme ana miaka mingi. Watacheka? Wacheke tu, kicheko kitaishia kwenye ngazi. Kisha uwaulize swali moja, ulipokuwa mle ndani ulitaka mtu akwambie nini, halafu ukae kimya. Usiwajibie. Ninyi akina mama ugonjwa wenu ni kujibu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilibebwa. Mimba yangu ya kwanza, kutoka kilimani kwetu, nusu siku nzima. Ukiwa mle huoni njia. Unaona mbingu na uso wa mtu mmoja, na hujui kama bado ni mbali au ni karibu. Mtu huyo alikuwa kijana tu, hakujua kusoma, na kila tulipopanda aliniuliza, "Uko nasi?" Mimi najibu, "Niko." Mtoto wangu hakuishi. Mimi niliishi. Jina la daktari aliyenipokea silijui mpaka leo, pengine alikuwa daktari mzuri sana. Jina la yule kijana ni Muhire, nalijua hata leo, baada ya miaka ishirini na saba.

Kuhusu Armel kuja au kutokuja Alhamisi, kusema wewe ni mama yake au kunyamaza, mwachie mwenyewe. Usimtafute kwa macho ukiwa pale mbele. Umemchagulia mengi huyo mtoto, hata kikohozi ulimchagulia. Hili moja achague.

Liko jambo moja ambalo hana uhuru wa kulichagua, na hapo uwe mama mkali. Kabla ya Alhamisi aende kitanda cha nane bila koti, amwambie Mukunde kwamba hana kifua na hajawahi kuwa nacho. Ajue na atakachokuta: mama aliyemnywesha maziwa hatamfukuza, na hilo litamwuma kuliko kufukuzwa. Wewe baki nje kwenye mafiga yako, koroga uji. Usiende kumsaidia kusema, na usiende kumwambia Mukunde mapema ili amwonee huruma. Halafu wewe na yeye, pamoja, mpande kwa Mzee Bigirimana, na safari hii hakuna kibuyu.

Unasema anaogopa kwamba ukijua jina inakuwa vigumu. Ni kweli, inakuwa vigumu. Hakuna aliyemwahidi kazi nyepesi. Lakini mwulize Mukunde ni lipi lilimwuma zaidi, paja au kuambiwa kwamba humu kuna wagonjwa.

Na Mukunde akiruhusiwa, gari litamshusha kwenye lami, na toka pale mpaka mlangoni kwake bado ni ule udongo wenu. Watahitajika watu wanne. Mwombe Mzee Bigirimana amweke Armel nyuma. Wa mbele wanaiona njia. Aliye nyuma anauona uso wa mgonjwa mpaka nyumbani.